Fimbo ya mbali haiui nyoka: tiba ya moyo iwafikie wanawake wa Kitale na Bungoma

Wahenga walinena kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Msemo huu unawahusu sana wanawake wa Trans Nzoia na Bungoma wanaougua maradhi ya moyo. Fimbo ipo, tena madhubuti: Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret ina mabingwa wa moyo na vyombo vya kuuchunguza. Lakini nyoka yuko kwao nyumbani. Yuko Endebess na Kwanza. Yuko Kimilili, Sirisia na Cheptais. Mgonjwa anapoondoka kuifuata fimbo hiyo, mara nyingi nyoka amekwisha kuuma.

Nashika kalamu kutetea jambo moja. Hospitali kuu za Kitale na Bungoma zinapaswa kuwa na kliniki maalumu ya moyo kwa wanawake, ambamo mkunga na tabibu wa moyo wanaketi chumba kimoja na kumhudumia mgonjwa mmoja kwa siku moja. Huenda msomaji akajiuliza mwalimu wa isimu anatafuta nini katika mambo ya tiba. Jibu ni kwamba sehemu ya msiba huu imo katika maneno, na sehemu iliyo kubwa zaidi imo katika madarasa yetu.

Wengi wetu tukisikia habari za ugonjwa wa moyo, humfikiria mzee mnene mwenye mali, aliyezoea nyama na kiti cha ofisini. Mtu huyo yupo, na ugonjwa wake upo. Hata hivyo, maradhi ya moyo yanayowaandama wanawake vijana katika nchi maskini aghalabu ni ya aina nyingine kabisa, na mwanzo wake ni koo. Mtoto wa umri wa baina ya miaka 5 na 15 huumwa koo. Ikiwa chanzo ni bakteria wa aina ya streptokoki, na koo hilo lisipotibiwa kwa penisilini, miili ya baadhi ya watoto hugeuka na kujishambulia yenyewe katika harakati za kupigana na bakteria hao. Baada ya wiki mbili au tatu hivi, mtoto hupatwa na homa na maumivu ya viungo yanayohama kutoka goti hadi kifundo cha mguu, na kutoka kiwiko hadi kiungo cha mkono. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Maumivu ya viungo hupoa yakasahaulika, lakini moyo hausahau. Vali zake, yaani vile vilango vinavyofunguka na kufungika ili damu iende mbele isirudi nyuma, huwa zimekwisha kupata makovu, na kila homa inayorudi huongeza makovu juu ya makovu.

Huko Ulaya na Marekani ya Kaskazini ugonjwa huu ulififia sana katika karne iliyopita, kadiri nyumba zilivyopungua msongamano na penisilini ilivyopatikana kwa urahisi. Kwetu bado tunalitibu koo la mtoto kwa maji ya chumvi, tukamrejesha katika bweni au chumba alalamo na wenzake wengi, na kusema kwamba ni mafua tu.

Ugonjwa huu pia una upendeleo mbaya. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa ulioitwa REMEDY, uliofanywa katika nchi 14, Kenya ikiwamo, chini ya uongozi wa hayati Profesa Bongani Mayosi wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Kati ya wagonjwa 3,343 waliochunguzwa, karibu theluthi mbili walikuwa wanawake. Umri wa kati wa wagonjwa hao ulikuwa miaka 28. Kati ya wanawake 1,825 walio katika umri wa kuzaa, ni asilimia 3.6 pekee waliokuwa wakitumia njia yoyote ya kupanga uzazi. Naomba msomaji aitafakari tarakimu hiyo ya mwisho. Hawa ni wanawake waliokwisha kufika hospitalini na kuandikwa majina kuwa wagonjwa wa moyo. Hata hivyo, karibu wote walikuwa wakikabili uwezekano wa kushika mimba bila kinga wala mpango.

Kwa nini mimba iwe jambo la kutisha kiasi hicho? Katika mimba, damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu ya kiasi cha kawaida, na moyo hulazimika kuisukuma yote. Vali iliyosinyaa ni mfano wa mlango mwembamba wa ukumbi. Watu wachache hupita bila taabu. Wakiongezeka, hubanana mlangoni na wengine hurudi walikotoka. Ndivyo damu inavyorudi nyuma na kuyajaza mapafu. Mama hukohoa usiku, hushindwa kulala chali, na huamka akitafuta dirisha ili apate hewa. Hatari huzidi mimba inapokomaa, na huwa kubwa zaidi wakati wa uchungu na katika saa za mwanzo baada ya kujifungua, damu iliyokuwa ikiihudumia nyumba ya mtoto inaporudi moyoni kwa ghafla. Ndiyo maana mama anaweza kujifungua salama, jamaa wakapiga vigelegele, kisha akaaga dunia kabla ya jua kuchwa.

Aidha, kuna ugonjwa mwingine unaowavamia akina mama ambao hawakuwahi kuugua moyo kabisa. Misuli ya moyo hulegea mwishoni mwa mimba au katika miezi michache baada ya kuzaa. Nao kifafa cha mimba huacha hatari ya shinikizo la damu na maradhi ya moyo miaka mingi baadaye. Hata hivyo, kwa upande wetu wa nchi vali ndizo zilizo mstari wa mbele: utafiti uliofanywa katika hospitali hiyo ya Eldoret na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba miongoni mwa wajawazito wenye maradhi ya moyo waliofikishwa pale, ugonjwa wa vali utokanao na homa ya baridi yabisi ndio ulioongoza.

Sasa nije katika uwanja wangu. Neno "moyo" katika Kiswahili limebeba mzigo mkubwa kupita kiasi. Tunapeana moyo, tunavunjika moyo, tunapiga moyo konde; mkarimu ana moyo na mchoyo hana. Lubukusu nayo ina neno "kumwoyo", ndugu wa damu wa "moyo" wetu, nalo hubeba mambo ya mwili na mambo ya hisia pamoja. Basi chukulia mama anayesema, "Moyo wanienda mbio," au "Nasikia moyo mzito." Yeye anasema habari za kiungo cha mwili, msikilizaji anasikia habari za huzuni. Mumewe atamuuliza nani amemuudhi. Mama mkwe atasema kwamba mke wa mwanawe ana fikira nyingi. Jirani atataja husuda na uchawi. Na hata mhudumu wa afya aliyechoka, mwenye foleni ndefu mlangoni, anaweza kumshauri apunguze mawazo. Mama huyo alikuwa ameutaja ugonjwa wake kwa jina lake halisi, na hapana aliyemsikia.

Tazama pia neno "presha". Katika mazungumzo ya kila siku neno hilo limemeza karibu maradhi yote ya moyo na ya damu. Mwenye shinikizo la damu ana presha, mwenye vali mbovu ana presha, na mwenye madeni pia ana presha. Mwanamke ambaye vali yake imesinyaa akiambiwa na watu kwamba ana presha, anaweza kuomba vidonge vya jirani, ambavyo havikukusudiwa ugonjwa wake hata kidogo.

Jina la homa yenyewe nalo linatupoteza. "Baridi yabisi" ni maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, yenye maana ya baridi na ukavu, nayo ni masalio ya elimu kongwe ya tabibu za Kiyunani na Kiarabu zilizoyagawa maradhi kwa joto na baridi, umajimaji na ukavu. Kwa Mswahili wa kawaida baridi yabisi ni maradhi ya wazee wanaoshika viuno asubuhi. Mzazi akiambiwa kwamba mtoto wa miaka tisa ana homa ya baridi yabisi, hacheleweshwi na ujinga; anacheleweshwa na neno. Hudhani mtoto amelala penye baridi, akampaka mafuta na kumfunika blanketi. Ingefaa wahudumu wetu waseme wazi: "Hii ni homa ya koo inayokula moyo." Jina hilo si la kitaalamu, lakini litamwondoa mzazi kitini.

Baada ya maneno, tuitazame milango. Katika hospitali zetu mjamzito huingia kwa mlango wa kliniki ya wajawazito, na mgonjwa wa moyo huingia kwa mlango wa kliniki ya magonjwa ya watu wazima. Je, mwanamke aliye na hali zote mbili aingie kwa mlango upi? Katika mlango wa kwanza atapimwa uzito, shinikizo la damu na wingi wa damu. Ni wakunga wangapi waliopewa nafasi na mafunzo ya kumuuliza kama utotoni viungo vyake viliwahi kuvimba kwa zamu, au kuuegemeza moyo wake sikio na kusikiliza uvumi wa vali? Katika mlango wa pili, mwanamke aliyetiwa vali ya chuma atapewa warfarini ili damu isigande. Dawa hiyo ni ngao yake, lakini katika miezi ya mwanzo ya mimba yaweza kumlemaza mtoto. Na akiiacha kwa hofu, vali yaweza kuziba na kumuua yeye. Hapo panahitajika watu wawili waliokaa pamoja, mmoja anayemjua mtoto aliye tumboni na mmoja anayeujua moyo. Mama hastahili kuwa tarishi wa kubeba karatasi kati ya vyumba viwili visivyosemezana.

Kuna na suala gumu zaidi, nalo ni ushauri wa kutozaa. Mwanamke ambaye vali yake imeharibika sana huambiwa, "Usishike mimba tena." Sentensi hiyo ni fupi kwa msemaji, lakini msikilizaji anaibeba hadi nyumbani, katika jamii ambamo heshima ya mke bado hupimwa kwa watoto. Huambiwa yeye peke yake, kana kwamba mimba hutungwa na mtu mmoja. Kliniki maalumu niitakayo ingemwita mume, na ikibidi mama mkwe, ikawaonyesha picha ya moyo unaopiga, ikawaeleza kwamba vali fulani inaweza kupanuliwa kwa puto au kufanyiwa upasuaji kabla ya mimba kushikwa, na kwamba kupanga uzazi hapa ni tiba sawa na sindano. Wapo wanawake ambao, vali ikirekebishwa mapema na mimba ikiangaliwa kwa makini, huzaa salama. Wanayo haki ya kulijua hilo kabla ya mimba, si baada yake.

Watakaopinga watasema kwamba Eldoret si mbali. Kutoka Kitale ni takriban kilomita 70, na kutoka mjini Bungoma kupitia Webuye na Turbo ni takriban kilomita 100. Kwa mwenye gari na afya njema, ni kweli si mbali. Lakini mgonjwa wetu hatoki mjini. Hutoka kijijini kwa pikipiki hadi barabara kuu, akapanda matatu akiwa hawezi kuvuta pumzi, akalala njia moja kwa sababu foleni haikumfikia, na kurudi tena baada ya mwezi. Nauli hiyo ni mbegu ya mahindi, au karo ya mtoto. Mgonjwa wa namna hii hakatai tiba; anashindwa kuifikia mara ya tatu na ya nne, ilhali ugonjwa wa vali ni ugonjwa wa marudio. Sindano ya penisilini ya kuzuia homa isirudi hudungwa kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka mingi. Damu ya mwenye kutumia warfarini hupimwa mara kwa mara. Mambo haya hayafai kutegemea safari ya kwenda wilaya ya watu.

Wengine watasema kwamba mama zetu wengi zaidi hufa kwa kuvuja damu, basi tuanze na hilo. Hoja hii ina uzito. Sensa ya mwaka 2019 ilikadiria vifo vya akina mama kuwa 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na kuvuja damu ni miongoni mwa visababishi vikuu. Hata hivyo, ukunga bora, benki ya damu na gari la wagonjwa vinavyomwokoa anayevuja damu ndivyo vinavyomsaidia mwenye moyo mgonjwa. Tunachoomba kiongezwe ni kidogo: siku moja kwa wiki, chombo cha kuupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti, na watu wawili au watatu waliofunzwa kukitumia.

Wala jambo hili si ndoto. Katika Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Profesa Karen Sliwa na wenzake wameendesha kliniki inayowaunganisha mabingwa wa moyo na wa uzazi kwa ajili ya wajawazito. Tukisema Afrika Kusini ni tajiri, tutazame karibu zaidi. Gulu, kaskazini mwa Uganda, watoto zaidi ya 100,000 walipigwa picha za moyo, na wauguzi wakafunzwa kuvishika vyombo hivyo. Watoto 818 waliokutwa na dalili za awali za ugonjwa wa vali waligawanywa makundi mawili: wengine wakapewa sindano ya penisilini kila mwezi na wengine wakaangaliwa tu. Baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa asilimia 0.8 ya waliodungwa, na kwa asilimia 8.2 ya wasiodungwa. Yaliyowezekana Gulu hayawezi kushindikana Kitale.

Tena sisi wenyewe tumekwisha kuitembea njia hii. Mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi na hospitali ya Eldoret, pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, walianzisha mpango wa AMPATH ili kupambana na Ukimwi. Wenye mpango huo hawakumngojea mgonjwa Eldoret. Waliipeleka tiba vijijini, ikafika Webuye na Kitale, na kazi ya kumkinga mtoto asiambukizwe na mamaye ikaingizwa ndani ya kliniki ya wajawazito. Mama akapimwa na mkunga yule yule, katika chumba kile kile. Kama mlango uliweza kufunguliwa kwa ajili ya virusi, unaweza kufunguliwa kwa ajili ya moyo.

Wajibu uko wazi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, pamoja na afya ya uzazi. Na tangu mwaka 2013 hospitali za kaunti ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 iliunda hazina ya magonjwa ya dharura, sugu na mahututi. Mwenye vali mbovu ni mgonjwa sugu leo na mahututi siku ya kujifungua; hazina hiyo imjue kabla ya siku hiyo kufika. Trans Nzoia na Bungoma ni majirani wanaougua ugonjwa mmoja. Wanaweza kugawana mtaalamu mmoja, aketi Kitale siku moja na Bungoma siku nyingine. Basi mabingwa wa Eldoret wabaki na wanaohitaji upasuaji na puto.

Mwisho, nawageukia walimu wenzangu pamoja na wanafunzi, maana tumeona kwamba nyoka huyu huanguliwa darasani. Mtoto mwenye homa na koo lililovimba asiambiwe avumilie mpaka Ijumaa, apelekwe zahanati. Msichana anayeachwa nyuma kila siku katika michezo, anayesimama katikati ya ngazi akishika kifua, tusimwite mvivu. Neno hilo "mvivu" limewahi kuwa jina la ugonjwa. Mwanafunzi wa bweni anayedungwa sindano kila mwezi apewe ruhusa bila kuhojiwa kama mtoro. Nanyi wanafunzi wa lugha, zipo insha bora za kuandikwa kuliko zile za safari ya kubuni: andikeni maelezo ya ugonjwa huu kwa Kiswahili, kwa Lubukusu na kwa Kisabaoti, kwa maneno ambayo nyanya yako atayaelewa, mkayabandike katika zahanati iliyo karibu nanyi.

Kati ya koo la mtoto wa darasa la nne na kitanda cha kujifungulia cha mwanamke wa miaka 24, kuna takriban miaka 14. Katika muda huo msichana huyo hupita mbele ya walimu, wauguzi, wakunga na viongozi wasiohesabika. Asipozibiwa ufa katika miaka yote hiyo, hatuna haki ya kusimama kaburini na kuiita ajali. Serikali za kaunti zifungue mlango huo mmoja katika Kitale na Bungoma, na sisi tulio shuleni tuwapeleke watoto mapema, ili wanaofika katika mlango huo wazidi kupungua mwaka hadi mwaka.